Unakwenda kusaka kwenye baridi? Liogope jasho kabla ya theluji

*"Assalaam aleikum. Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba, umri wangu miaka 44. Hapa kwetu ni msasi, hutoka na wenzangu na mbwa kusaka nguruwe wanaomaliza mihogo ya watu. Shemeji yangu anaishi Norwei, na Septemba hii amenialika nifuatane naye siku sita kwenye uwanda wa Hardangervidda, akasake rendia, wale paa wakubwa wa nchi za baridi. Bunduki ni yake. Mimi nitabeba mzigo na kuangalia kwa darubini. Tutalala kwenye hema. Sijawahi kuona theluji. Nimeshanunua suruali mbili za jinzi, fulana sita nzito za pamba, jaketi kubwa lililojazwa manyoya ya ndege, koti la mvua la plastiki na mabuti ya mpira, na soksi nitavaa pea tatu kwa pamoja. Nimekusudia kuvaa vyote tangu asubuhi. Watu wa barzani wananambia nijipake mafuta ya nazi mwili mzima na nile pilipili kwa wingi. Nina sukari mwaka wa nne sasa, natumia vidonge. Jee, nguo hizi zitanitosha au niongeze jaketi jengine?"*

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Jaketi jengine usiongeze. Tena katika hivyo ulivyokwisha kununua, vipo ambavyo ningependa uviache Wete. Usivunjike moyo, maana orodha yako ndiyo orodha ya kila mtu wa visiwani anayekwenda kwenye baridi kwa mara ya kwanza, na yangu ilikuwa hiyo hiyo. Nimeongoza watu Kilimanjaro miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Unguja, na mara mbili nimetembea milima ya Norwei mwezi huo huo unaokwenda wewe. Kwa hivyo nakujibu kwa kirefu, na suala la sukari uliloliweka mwisho kama jambo dogo nitalirudia, kwa sababu mimi ndilo lililonishtua zaidi.

Sote huku tunaamini kwamba jaketi lina joto. Halina. Joto ni lako wewe, linatokana na wali na samaki uliokula, na nguo inalizuia tu lisikimbie. Watazame wauza samaki wanavyohifadhi barafu: wanaifunika magunia na unga wa mbao, na jua la saa saba likiwaka bado barafu ipo. Gunia halina baridi, kama ambavyo blanketi halina joto. Vyote viwili kazi yao ni kukamata hewa na kuituliza isiende mbio. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi, basi kilichomo ndani hukaa kama kilivyo. Ndiyo maana sweta mbili nyembamba zinazopishana hukulinda vizuri kuliko moja nzito iliyokubana: kati yao pamebaki hewa.

Sasa chukua nguo hiyo uitie maji. Maji yanapitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa. Mahali palipokuwa na hewa pamejaa maji, na nguo ambayo ilikuwa ikikulinda imekuwa njia ya joto kutokea. Halafu maji hayo yanataka kukauka, na hayakauki bure. Kukausha lita moja ya jasho kunachukua joto ambalo lingetosha kuchemsha birika la lita saba za maji ya bomba. Hapa Pemba hilo ni rehema, ndilo linalotupoza. Juu ya mlima, upepo ukivuma, joto hilo linatoka kifuani mwako na hakuna wa kukurudishia.

Na jasho utatoka nalo, tena mapema kuliko unavyodhani. Fikiria siku yenyewe itakavyokwenda. Saa kumi na mbili asubuhi mnatoka hemani, kilo 20 mgongoni, mnapanda. Baada ya dakika kumi mwili unachemka. Umevaa fulana za pamba, jaketi la manyoya, na juu yake plastiki isiyopitisha kitu, kwa hivyo unarowa kuanzia ndani kama ndizi inayovumbikwa. Saa mbili mmefika juu ya tuta. Shemeji yako anakuashiria mlale kifudifudi nyuma ya jiwe. Darubini machoni, upepo usoni, hakuna kutingishika, pengine mpaka saa nne. Mwili uliokuwa ukitengeneza joto kwa wingi umenyamaza ghafla, na wewe umelala ndani ya maji yako mwenyewe.

Hayo yalinipata mimi Kilimanjaro, msimu wangu wa kwanza, njia ya kwenda kambi ya Horombo, mita 3,720. Nilikuwa kijana, najifaragua, nikatangulia mbio na mzigo, ndani fulana ya pamba, juu koti la mvua. Nikafika kabla ya wenzangu, nikakaa juu ya jiwe kuwasubiri. Jua lilikuwapo na upepo haukuwa mkali. Haikupita robo saa nikataka kufungua kamba ya kiatu, vidole vikakataa. Nilikuwa naviona vidole vyangu vinapapasa kamba, lakini ni kama vya mtu mwengine. Mzee mmoja wa Kichaga aliyekuwa mpagazi akaniangalia mara moja, hakuuliza kitu. Akanivua koti na fulana pale pale mbele za watu, akanivisha sweta lake la sufu, akanitia chai mkononi. Fulana yangu akaitandika juu ya jiwe. Alfajiri nilipokwenda kuichukua ilikuwa imekauka kwa barafu, ngumu kama ngozi ya papa, ukiishika shingoni inasimama.

Basi kanuni ninayotaka uishike kuliko zote ni hii: toka hemani ukisikia ubaridi. Ukiwa umesimama na mzigo mgongoni, kabla hamjaanza kutembea, ukijisikia raha na joto, umevaa kupita kiasi. Vua moja. Matabaka ya nguo yaliwekwa ili yavuliwe na kuvaliwa mara kumi kwa siku, na anayeyavaa yote asubuhi akayavua usiku ni sawa na asiyekuwa nayo. Mwambie shemeji yako tangu mwanzo kwamba baada ya dakika kumi za kutembea utamsimamisha upunguze nguo, na mtakapofika juu utasimama tena uvae kabla hujapoa. Hilo la pili watu wengi hulisahau. Usingoje mpaka usikie baridi ndipo uvae, kwani joto lililokwisha kutoka hulirudishi kwa jaketi.

Tuje kwenye nguo zenyewe. Ya ngozini ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo watu hawaithamini. Pamba iache nyumbani kabisa: fulana, chupi nzito, na jinzi ambayo ni pamba iliyosokotwa kwa nguvu. Pamba inaweza kubeba maji yaliyozidi uzito wake, inakaa nayo muda mrefu, na inanata ngozini. Unachotaka ni sufu laini, ile ya kondoo wa merino, au poliesta ya kuvaa michezoni. Sufu ina ajabu yake: uzi wake unaweza kufyonza unyevu mpaka kiasi cha thuluthi ya uzito wake kabla hujauhisi ngozini, na hata ikirowa bado inashika hewa kidogo. Poliesta haifyonzi, haifiki hata asilimia moja, kwa hivyo inakauka upesi, bei yake ni ndogo na haichaniki ovyo. Kasoro yake ni harufu. Siku ya pili tu inanuka, na wewe unamfuata mnyama anayemjua adui yake kwa pua. Kwa msako nakuchagulia sufu; kama mfuko hauruhusu, poliesta itakufaa, hutakufa kwa harufu.

Usinisadiki kwa maneno. Fanya jaribio hili leo usiku. Roweka fulana moja ya pamba, ikamue, ivae, ukae chini ya pangaboi linalokwenda kwa nguvu, dakika ishirini. Kesho fanya hivyo hivyo na sweta la sufu. Utatetemeka na ile fulana hapo hapo Wete, kwenye chumba chenye nyuzi joto 27. Halafu zingatia kwamba Hardangervidda ni uwanda wa juu, kwa wastani mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, miti hakuna ya kukukinga, na mchana wa Septemba mara nyingi uko kati ya nyuzi 5 na 10. Usiku hushuka mpaka sifuri na chini yake. Sisi hata kusi likivuma mwezi wa Julai, ni nadra usiku kuteremka chini ya nyuzi 20. Na upepo unazidisha: nyuzi sifuri ukizitia upepo wa kilomita 30 kwa saa, uso wako unapata baridi ya nyuzi 6 chini ya sifuri.

Tabaka la pili ni la kushika hewa, na hapa nina habari njema. Nenda kwenye mitumba, iwe Chake au Darajani ukija Unguja, ufukue chini kabisa ya tita. Masweta ya sufu yako huko, hakuna anayeyataka kwa joto letu, na wauzaji huyatoa kwa bei ya kutupa. Tazama lebo ya shingoni. Ikiwa imeandikwa "wool" na asilimia kubwa mbele yake, hiyo ndiyo sufu. Ikiwa "acrylic" iache, maana ni uzi wa kiwandani unaofanana nayo kwa macho. Tafuta mawili membamba yanayoingiliana. Moja linaweza kuwa la kile kitambaa cha manyoya mafupi mafupi kama blanketi la mtoto mchanga, wengine hukiita flisi. Kinakauka haraka na ni chepesi. Lenye zipu ya kifuani ni bora zaidi, kwa sababu kufungua zipu ni nusu ya kuvua nguo na huhitaji kuushusha mzigo.

Jaketi lako la manyoya ya ndege ni zuri, silipuuzi. Hakuna kitu chepesi chenye kushika hewa kama hicho. Lakini ulijue udhaifu wake. Nyumbani kwenu bila shaka kuna mto wa sufi, ile ya mti wa msufi. Siku ulipoingia maji ya mvua, uliona ulivyokuwa: sufi imejikusanya madonge kwenye pembe moja, katikati mtupu. Manyoya ya ndege yakirowa ni hivyo hivyo, na juu ya uwanda hakuna jua la kuyaanika. Kwa hivyo jaketi hilo likae ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji, juu kabisa ya begi, na litoke wakati wa kukaa tu: nyuma ya darubini, wakati wa kula, hemani. Kutembea nalo ni marufuku. Kama shemeji yako ana lililojazwa nyuzi za poliesta, liombe hilo badala yake. Ni zito kidogo, halijibani likawa dogo, lakini likirowa bado linafanya kazi, na Septemba ya Norwei mvua ni nyingi kuliko theluji. Mimi ningechukua hilo.

Koti la mvua la plastiki linazuia mvua na linafuga jasho. Yapo makoti ya vitambaa kama Gore-Tex, yenye utando wa vitundu vidogo mno: tone la maji haliingii, mvuke wa jasho unatoka. Ni kweli yanafanya hivyo, ila polepole. Ukipanda mlima na kilo 20, jasho linakuja haraka kuliko utando unavyoweza kulitoa, na utarowa ndani ya koti la bei kubwa kama ndani ya la bei ndogo. Usiuze ng'ombe kununua koti. Azima. La muhimu liwe na zipu za kwapani, kofia inayokaza, na nafasi ya kuvaliwa juu ya sweta zote. Kama hakuna mvua wala upepo mkali, lisivaliwe kabisa. Tena makoti haya hupiga kelele, chakacha chakacha kila unapoinua mkono, nawe msasi unajua maana yake. Ndiyo maana wasasi wengi wa kule bado wanapenda sufu ionekane juu, koti likae begini.

Nakuwekea hapa jambo ambalo si la lazima kwa safari yako, lakini nalipenda. Uwanda huo huo unaokwenda, msafiri mashuhuri wa Kinorwei, Roald Amundsen, alijaribu kuuvuka mwaka 1896 wakati wa baridi kali, yeye na ndugu yake, na nusura wafe. Ndiye huyo huyo ambaye Disemba 1911 aliongoza watu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini. Katikati ya safari hizo mbili, kati ya 1903 na 1906, alikaa kaskazini ya Kanada na Wainuiti, wenyeji wa huko, akajifunza kuvaa kwao: ngozi mbili za rendia, ya ndani manyoya yameelekea mwilini, ya nje yameelekea nje, zote zikiwa pana ili hewa izunguke na jasho litoke. Na unywele wa rendia wenyewe ni mtupu ndani, kama kijiti cha mpapai. Mnyama unayekwenda kumtafuta anatembea na hewa yake iliyotulia. Ukimwona kwenye darubini amesimama juu ya theluji hana habari, kumbuka hilo.

Miguu sasa. Suruali moja ya nailoni au poliesta inayokauka upesi, na ndani yake suruali nyembamba ya sufu au poliesta ya kubana, inatosha. Ya ndani uivae hemani na siku za baridi tu, kwani mapaja hutoa joto jingi yakitembea. Soksi pea tatu kwa pamoja ni kosa. Zinabana, damu haipiti, na vidole vinapoa kwa sababu ya soksi zenyewe. Vaa pea moja nzito ya sufu, au nyembamba moja chini yake, na kiatu kiwe na nafasi ya kuchezesha vidole vyote vitano. Mabuti ya mpira watu wa kule wanayavaa sana kwa ajili ya matope, siyakatai, lakini jasho la mguu halina pa kutokea. Ukiwa nayo, badilisha soksi kila adhuhuri, zenye maji zining'inize ndani ya jaketi zikauke kwa joto la kifua. Na uwe na pea moja ya kulalia tu. Hiyo isitoke hemani hata iweje.

Mikono: glovu nyembamba za sufu za kushikia darubini, na nzito za kuvaa juu yake. Mkipata mnyama, ndipo penye mtego ambao hakuna atakayekwambia. Kuchuna na kukata nyama kunachukua saa nzima au zaidi. Mwili umesimama, mikono imerowa damu na maji, upepo unapita, na nyote mna furaha hamjali. Vaa jaketi kwanza kabla ya kushika kisu, na vaa glovu za mpira kama za manesi juu ya zile nyembamba za sufu. Halafu wakati wa kubeba nyama, vua tena mpaka ubakie na ya ngozini, maana huo ndio mzigo mzito kuliko yote na ndipo jasho litakapokuja kwa wingi.

Mafuta ya nazi yatalainisha ngozi isipasuke, yapake midomoni na mikononi, lakini hayazuii baridi. Pilipili inakufanya usikie moto kwa kuileta damu karibu na ngozi na kukutoa jasho, maana yake inalitoa joto lako nje. Tende, karanga, halua, chai ya mkandaa yenye kitu cha kuuma: hivyo ndivyo kuni. Lakini kwako wewe vyakula hivi lazima tuvizungumze pamoja na sukari, nami nakuja huko.

Na sala, ambayo najua umeifikiria. Udhu wa maji ya barafu mara tano kwa siku, halafu kuvaa soksi juu ya mguu uliorowa, ni njia ya haraka ya kujiumiza. Dini imeweka nafasi. Msafiri ana ruhusa ya kupangusa juu ya khufu, yaani viatu laini vya ngozi vinavyofunika mguu, siku tatu na usiku wake, kwa masharti yake, na moja ya masharti ni uwe umezivaa ukiwa na udhu kamili. Kiatu cha aina gani kinakubalika, soksi je, na tayammum inafaa lini, hayo mwendee sheikh wako kabla ya safari, umweleze kabisa mazingira na ugonjwa wako. Usingoje kufanya ijtihadi yako juu ya mlima. Na chukua leso moja ndogo ya kujikaushia vizuri baina ya vidole.

Sasa sukari. Mimi si daktari, na hapa nakwambia waziwazi: usikate tiketi kabla ya kuonana na daktari wako wa kliniki ana kwa ana. Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni nyayo. Sukari ikikaa miaka inaweza kuua hisia za miguu pole pole, bila maumivu, mtu asijue. Mguu usiohisi hauhisi baridi wala lengelenge, na kidole kinaweza kuganda au kuchunika wewe unatembea tu. Daktari akupime kwa kukugusa nyayo kwa uzi mwembamba na kukuuliza kama unasikia, na aangalie mishipa ya damu. Kipimo hicho hakiumi na hakichukui muda. Akikwambia hisia zimepungua, nakuomba usiende safari ya siku sita ya hema. Muombe shemeji yako mfikie nyumba au kibanda, mtoke asubuhi mrudi jioni. Hata ukiwa mzima, kila usiku vua soksi, washa tochi, kagua nyayo zote mbili na baina ya vidole. Wenzako watajaza maji ya moto kwenye chupa na kulala nayo miguuni. Wewe usifanye hivyo, wala usiiweke miguu karibu na jiko: mguu usiohisi unaungua kama unavyoganda.

Ya pili ni vidonge vyenyewe. Kutembea siku nzima na kutetemeka hula sukari ya mwilini, na vipo vidonge ambavyo huweza kuishusha kupita kiasi ukitoka jasho namna hiyo na kula kidogo. Vyengine si hatari sana kwa upande huo. Daktari atatazama vyako na kukwambia kama dozi ibadilike na ule nini njiani. Ukumbuke pia kwamba mtu aliyeshukwa na sukari anatetemeka, anachanganyikiwa, ulimi unakuwa mzito, na mtu aliyeingiwa na baridi kali anaonekana vivyo hivyo. Kwa hivyo mashine yako ya kupimia ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani ikipoa sana inaweza kukataa kufanya kazi, na shemeji yako ajue kuitumia. Pipi au tende ziwe kwenye mfuko wa kifuani, si chini ya begi.

Mwambie pia dalili za mwili kuzidiwa, maana wewe mwenyewe hutazijua. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hujikwaa pasipo na kitu, anaangusha vitu, hawezi kifungo, maneno yanamtoka kama mlevi, na huona hana haja ya msaada. Kutetemeka kukikoma hali bado kuna baridi, hiyo ni hatari kubwa. Mtoeni kwenye upepo, mvueni kila kilichorowa, aingizwe ndani ya mfuko wa kulalia akiwa mkavu, na anywe kitu cha moto chenye sukari iwapo anaweza kumeza. Asisuguliwe mikono wala miguu. Gari la wagonjwa Norwei ni namba 113. Uwanda ule mtandao haupatikani kila mahali, basi muulize shemeji yako amepanga vipi kuita msaada, na umuulize bila kuona haya. Wanorwei wenyewe wana kanuni za mlimani walizozihifadhi tangu skuli, na moja inasema kurudi nyuma hakuna aibu.

Kwa gharama, ningekuwa wewe ningenunua vitu vitatu tu vipya: fulana mbili za sufu za ngozini, suruali moja ya ndani, na pea nne za soksi nzito za sufu. Masweta yatoke mitumbani. Koti la mvua, jaketi, glovu nzito na mfuko wa kulalia azima kwa mwenyeji wako, kwani mtu anayesaka kule lazima anavyo vya ziada au anajua vya kukodi. Wiki hizi zilizobaki jaza begi mchanga wa kilo 20, panda vilima vya hapo kwenu alfajiri, ujizoeze kuvua sweta na kulirudisha begini kabla mwenzako hajamaliza kuhesabu mpaka sitini. Kwa unyevu wa Pemba utatoka jasho tu, hilo huwezi kulizuia, lakini mikono itaizoea kazi yake.

Kliniki nenda wiki hii. Daktari akishakukagua nyayo na kukuruhusu, ndipo umpigie shemeji yako simu umuulize jaketi lake mabega mapana kiasi gani, maana litabidi lipite juu ya sweta mbili na bado uweze kuinua darubini.